Jedwali la Kiwambo Si Daftari

Mtu aingiaye leo katika ofisi ya shule, zahanati, benki au ghala la chama cha ushirika, aghalabu hukuta kiwambo cha kompyuta kilichogawanywa kwa mistari ya kwenda chini na ya kwenda kando, na ndani ya visanduku vyake yamepangwa majina, tarehe na tarakimu. Mafundi huliita umbo hilo gridi. Kwa karani aliyelelewa na madaftari ya karatasi, umbo hilo halina ugeni wowote: kila mstari ni mtu mmoja, kila safu ni habari moja juu yake, na penye kosa panafutwa na kuandikwa upya. Ugeni upo, ila umefichika. Daftari la karatasi ndilo lenyewe lililobeba habari. Likiungua, habari nazo zimeungua. Jedwali la kiwambo halikubeba kitu. Ni dirisha tu ambalo mtu huchungulia kwalo habari zilizowekwa mahali pengine, yaani katika kanzidata, ambayo huenda imo ndani ya kompyuta hiyo hiyo, au imo katika kompyuta nyingine iliyo mji wa mbali, na ambayo watu wengine kumi huenda wanaichungulia wakati ule ule kupitia madirisha yao.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jedwali hilo ni chombo bora mno cha kusomea rekodi, na ni chombo cha hatari cha kuzihariri. Na kwamba ufundishaji wa kompyuta katika shule nyingi umeligeuza jambo hili juu chini. Mwanafunzi huonyeshwa jinsi ya kuandika ndani ya kisanduku kabla hajaambiwa kile aandikacho kinakwenda wapi, kinafika lini, na nani mwingine anakiandika. Matokeo yake hayaishii kwenye mtihani wa somo hilo. Kijana yule yule, baada ya miaka michache, hukabidhiwa rekodi za wagonjwa, za wakopaji au za watahiniwa.

Umbo hili limezaliwa na wazazi wawili wasiolingana tabia. Mzazi wa kwanza ni nadharia ya Edgar Codd, Mwingereza aliyesomea hisabati na kufanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Mwaka 1970 alichapisha makala iliyopendekeza kwamba habari za kanzidata ziwekwe kwa mfano wa majedwali, naye akaweka masharti ambayo wengi wanaotumia majedwali hayo leo hawayajui. Sharti moja ni kuwa mpangilio wa mistari hauna maana yoyote. Hakuna mstari wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna mistari miwili iliyo sawa kabisa. Na rekodi haitambuliwi kwa mahali ilipo bali kwa ufunguo wake, yaani namba au neno lisilorudiwa na rekodi nyingine yoyote. Mzazi wa pili ni programu iliyoitwa VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Apple II. Hiyo ilikuwa lahajedwali yenye safu 63 na mistari 254, na ndiyo iliyowafanya wafanyabiashara wengi wa Marekani wanunue kompyuta kwa mara ya kwanza. Katika lahajedwali, mahali ndipo penye maana yote. Kisanduku hujulikana kwa herufi ya safu yake na namba ya mstari wake, na hesabu huandikwa kwa kutaja mahali hapo. Mtu akiipanga upya safu moja na kuziacha jirani zake, majina yatabaki pale pale na alama zitahamia kwa wasiozitolea jasho.

Gridi ya kanzidata ilirithi sura ya VisiCalc na moyo wa Codd. Anayeitazama huona mahali, na mashine huona ufunguo. Karani husema, "Sahihisha mstari wa kumi na mbili," wala hajui kwamba mwenzake akiongeza rekodi moja, au yeye mwenyewe akigusa kichwa cha safu na majedwali yakajipanga kwa alfabeti, wa kumi na mbili amekuwa mtu mwingine.

Inafaa ikumbukwe kwamba waanzilishi hawakuwa wazembe katika jambo hili. Programu ya dBASE II, iliyobuniwa na Wayne Ratliff na kuuzwa na kampuni ya Ashton-Tate mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa na amri mbili mbali mbali. Amri ya EDIT ilileta rekodi moja tu kwenye kiwambo, habari zake zikiwa zimepangwa chini kwa chini kama fomu. Amri ya BROWSE ilileta rekodi nyingi kwa pamoja, mstari kwa mstari, na hapo pia mtu aliweza kuandika. Kwa hiyo chaguo lilikuwapo tangu zamani, na mtumiaji alilazimika kulifanya kwa kutamka neno. Baadaye, programu za Windows kama Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, na Delphi, iliyotoka mwaka 1995, zilimwezesha mtunzi wa programu kuweka gridi nzima kwenye kiwambo bila ya kuandika hata sentensi moja ya maagizo. Jambo la rahisi likawa ndilo la kawaida. Tangu hapo, programu nyingi za ofisini zimetungwa na watu waliochagua gridi kwa sababu ilikuwa tayari sandukuni, si kwa sababu walikwisha kupima nani ataandika nini ndani yake.

Kazi ya ndani ya gridi yafaa ielezwe kidogo. Kanzidata yenye rekodi laki moja haiwezi kuonekana yote. Kiwambo huonyesha mistari ishirini au thelathini, na programu huleta mingine kadiri mtu anavyoteremka. Kilichoko kiwamboni ni nakala ya kile kilichosomwa dakika hiyo, au dakika tano zilizopita, au asubuhi. Mtu akiandika ndani ya kisanduku, kwanza hubadili nakala hiyo tu. Lini badiliko hilo huvuka likaingia katika kanzidata yenyewe? Jibu hutofautiana kati ya programu na programu, na hapa ndipo wengi hunaswa. Katika lahajedwali watu wamezoea kwamba hakuna kilichohifadhiwa mpaka mtu atoe amri ya kuhifadhi. Aliyekosea hufunga faili bila ya kuhifadhi na mambo hurudi kama yalivyokuwa. Katika Access mambo si hivyo. Rekodi inapohaririwa, alama ndogo ya kalamu huonekana pembeni mwa mstari. Mtu akihamia mstari mwingine tu, rekodi imekwisha kuhifadhiwa, hata kama hakuombwa idhini. Kabla ya kuhama, kitufe cha Esc huweza kumrudisha alikotoka. Kalamu hiyo ndogo ndiyo ilani pekee anayopewa, na ni walimu wachache wanaosimama kuieleza.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale jedwali moja la kiwambo linapokusanya habari kutoka majedwali mawili ya kanzidata. Ichukuliwe kuwa ofisi ya elimu ya wilaya inayo orodha ya wanafunzi na orodha ya shule. Kwa kufuata nadharia ya Codd, jina la shule huandikwa mara moja tu katika orodha ya shule, na kila mwanafunzi hubeba namba ya shule yake. Kiwamboni, hata hivyo, karani huona jina la mwanafunzi na jina la shule yake katika mstari mmoja, jambo ambalo ni zuri kwa msomaji. Sasa mwanafunzi mmoja amehama kutoka shule ya bondeni kwenda shule ya mlimani. Karani anamtafuta, anaingia katika kisanduku cha shule, anafuta "Bondeni" na kuandika "Mlimani". Kwa macho yake amemhamisha mtoto mmoja. Kwa kanzidata, ikiwa mtunzi wa programu hakuweka kizuizi, amebadili jina la shule yenyewe, na wanafunzi wote mia nne wa bondeni wamekuwa wa mlimani kwa pigo moja. Hakuna kengele iliyolia. Karani hakufanya lolote ambalo asingelifanya katika daftari, na katika daftari angelikuwa sahihi.

Mfano huu wastahili kukaziwa, kwa maana waonyesha kwamba lawama ya kawaida, yaani "karani hakuwa makini", haitoshi. Umakini wa namna gani ungelimsaidia? Angeliweza kusoma mstari wake mara tatu na kuuona ni sahihi mara tatu. Kilichokosekana ni elimu ya kuuliza: kisanduku hiki ni mali ya rekodi ipi? Swali hilo hufundishika, na kijana wa kidato cha pili anaweza kulielewa vizuri akipewa orodha mbili fupi na rula ya kuchorea mistari ya kuziunganisha.

Mfano wa pili watoka ghalani. Zahanati ina makasha 200 ya dawa. Karani wa kwanza anafungua jedwali asubuhi na kuona 200. Karani wa pili, katika chumba kingine, naye anafungua na kuona 200. Wa kwanza anatoa makasha 50, anafuta 200 na kuandika 150. Wa pili anapokea makasha 100 kutoka bohari kuu. Kwake kiwambo bado chasema 200, kwa hiyo anaandika 300. Aliyehifadhi mwisho ndiye aliyeshinda. Kanzidata yasema 300, ghalani mna 250, na makasha 50 yametoweka kwa kalamu. Siku ya ukaguzi mtu atashukiwa wizi. Huenda akawa mlinzi, huenda akawa mwuguzi aliyekuwa zamu. Hapana atakayemshuku mtunzi wa programu.

Wahandisi wa kanzidata wanalijua tatizo hili tangu miaka ya 1970, na dawa zake mbili zafahamika. Ya kwanza ni kufuli: aliyeanza kuhariri rekodi huifunga, na wengine husubiri mpaka amalize. Dawa hii hufaa mpaka karani mmoja atakapoacha rekodi wazi akaenda kula chakula cha mchana. Ya pili ni ulinganisho: programu hukumbuka thamani iliyosomwa mwanzo, na wakati wa kuhifadhi huiambia kanzidata, "Andika 300 ikiwa bado pana 200." Ikiwa hapana tena 200, badiliko hukataliwa na karani huambiwa kwamba mwenzake amemtangulia. Zote mbili ni dawa halali. Lakini ipo hekima ya tatu, kongwe kuliko kompyuta, nayo imo katika leja ya dawa ya karatasi inayotumika katika zahanati. Katika leja hiyo hakuna anayefuta salio. Huandikwa tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na salio hufuata kwa hesabu. Kama makarani wale wawili wangeliandika "kimetoka 50" na "kimeingia 100", hata wangeliandika kwa pamoja, jumla ingelikuwa 250. Gridi iliwashawishi waandike salio kwa kuwa salio ndilo lililokuwa mbele ya macho yao, likiwaka, likingoja kubadilishwa.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halikuwa nalo: kinachoonekana si lazima kiwe ndicho kilichohifadhiwa. Tarehe iliyoandikwa 03/04 ni ya mwezi Aprili kwa desturi ya Kiingereza na Kiafrika Mashariki, na ni ya mwezi Machi kwa desturi ya Kimarekani. Kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti huonyesha siku moja kwa sura mbili. Namba ya simu ianzayo kwa sifuri, ikiingizwa katika safu ya hesabu, hupoteza sifuri yake, kwa kuwa kwa hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa ni tarehe ya kuzaliwa. Programu ya Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Namba hiyo ikibandikwa humo kama hesabu badala ya maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, na hakuna njia ya kuzirudisha ila kwa kurudi kwa mwenye kitambulisho. Watu wawili waliozaliwa siku moja waweza kujikuta wamekuwa mtu mmoja. Na saa nayo ina shida yake ya kwetu: mwuguzi aliyeandika kwamba mtoto alizaliwa saa 2:00 asubuhi amesema kweli kwa Kiswahili, na mashine imeweka usiku wa manane uliopita saa mbili tu.

Wanasayansi wenyewe hawakusalimika. Zimo jeni za binadamu zilizopewa majina mafupi kama SEPT2 na MARCH1, nayo Excel, ikidhani ni tarehe za Septemba na Machi, ilizigeuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Hatimaye, mwaka 2020, kamati ya kimataifa isimamiayo majina ya jeni iliamua kubadili majina yenyewe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Sayansi ya viumbe ilipisha njia ili programu ya ofisini ipite. Mtu anaweza kucheka, na aliyeandika majina hayo katika tasnifu yake hacheki.

Ndani ya mlango huo huo mna tofauti kati ya sifuri na utupu. Mwanafunzi aliyefanya mtihani akakosa yote amepata 0. Asiyefanya mtihani hana alama. Wanafunzi wanne wakipata 50, 60, 70 na 80, na wa tano hakuwapo, wastani wa waliofanya ni 65. Karani akijaza 0 ili kisanduku kisikae uchi, wastani hushuka kuwa 52. Kanzidata huijua tofauti hiyo, na inapokokotoa wastani huruka visanduku vitupu. Jicho la mwanadamu halipendi kisanduku kitupu.

Kisa kilichotokea Uingereza mwaka 2020 chaonyesha kwamba hata kusoma peke yake kuna hatari pale dirisha lenyewe linapokuwa dogo kuliko chumba. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, majibu ya watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hayakuingia katika hesabu ya kila siku, wala majina yao hayakuwafikia kwa wakati wale waliokuwa na kazi ya kuwatafuta watu waliokaribiana nao. Mafaili kutoka maabara yalikuwa yakibandikwa katika lahajedwali ya muundo wa zamani, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa. Jedwali lilipojaa, mistari iliyobaki iliachwa nje kimya kimya. Aliyelitazama jedwali hilo aliona jedwali zima, safi, lililojaa mpaka chini. Hakukuwa na dalili ya kilichokosekana.

Waliofanya kazi na kompyuta katika enzi za kadi za matundu watakumbuka kwamba wakati huo palikuwa na mtu wa pili. Tanzania nayo iliijua enzi hiyo, kwani Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, kabla ya Serikali kupiga marufuku uingizaji wa mashine hizo mwaka 1974. Karani wa kwanza alipiga matundu kadi kwa kufuata hati iliyo mbele yake. Kisha kadi zile zile na hati ile ile zilipewa karani wa pili, aliyeketi kwenye mashine ya uhakiki na kuchapa yote upya. Mashine haikutoboa, ililinganisha tu. Kadi iliyokubaliana ilikatwa pengo dogo ubavuni kuwa ushahidi, na ile isiyokubaliana ilikatwa pengo juu ya safu yenye kosa. Kazi ilikuwa nzito, ya kuchosha na ya gharama, wala hapana mtu mwenye akili atakayetaka kuirudisha kama ilivyokuwa. Lakini gridi ilipokuja haikuondoa uzito tu, ilimwondoa na yule mtu wa pili, na nafasi yake ikapewa kisanduku kidogo cha ilani kinachouliza, "Una hakika?"

Thamani ya ilani hiyo ilionekana Tokyo tarehe 8 Desemba 2005. Mfanyakazi wa kampuni ya Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa moja ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Aliingiza hisa 610,000 kwa yeni moja kila moja. Hisa zote za J-Com zilizokuwapo duniani zilikuwa 14,500. Ilani ilitokea kiwamboni, ikapitwa, kwa kuwa ilani za namna hiyo zilikuwa zikitokea mara kwa mara. Kampuni ilijaribu kufuta agizo lake, na mfumo wa soko la hisa ukashindwa kulifuta. Hasara ilifika kiasi cha yeni bilioni 40. Bei na idadi ni tarakimu zote mbili. Vikikaa sanduku kwa sanduku, hakuna sura inayovitofautisha. Mashine iliyojua kwamba hisa ni 14,500 ingeliweza kukataa katakata, badala ya kuuliza.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao si la kupuuzwa. Mwalimu mwenye karatasi za mtihani 45 mbele yake, zote za somo moja na darasa moja, hana sababu ya kufungua fomu 45. Gridi yenye majina yaliyofungwa yasiguswe, na safu moja tu ya alama iliyo wazi kuandikwa, isiyokubali chini ya 0 wala juu ya 100, ndiyo njia ya haraka na salama. Fomu ingelimchosha, na uchovu nao ni mama wa makosa. Tena katika gridi huona alama ya mwanafunzi kando ya wenzake, na tarakimu iliyopotoka hujitokeza yenyewe. Hilo ni kweli. Lakini itazamwe ni gridi ya namna gani iliyotetewa hapo: ni ile iliyofungwa safu zote isipokuwa moja. Aina nyingine, ile iliyo wazi pande zote, ambamo jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, namba ya mtahiniwa na alama vyote vinabadilika kwa kuguswa na kidole kilichoteleza, haina utetezi huo.

Ofisi zinazoagiza programu zina haki ya kudai zaidi kuliko zinavyodai. Jedwali lionyeshe, lipange, litafute, na likibofywa lifungue rekodi moja kwa upana wake, mwenye rekodi akisomeka wazi juu ya kiwambo, ili karani ajue anamgusa nani. Na kilichobadilishwa kisipotee. Katika leja za hesabu, kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililo chini yake lisomeke, na aliyekata hutia sahihi. Kanzidata ina uwezo wa kufanya hivyo kwa unyofu zaidi, kwa kutunza kila thamani ya zamani pamoja na saa na jina la aliyeibadili. Kanuni za kimataifa za lugha ya SQL zimeweka utaratibu wa kutunza thamani za zamani pamoja na saa zake tangu mwaka 2011. Gharama yake ni nafasi kidogo ya diski. Mtahiniwa anayesema alama zake zimebadilishwa, na mwuguzi anayeshukiwa kuiba dawa, hawana shahidi mwingine.

Shuleni jambo hili halihitaji vifaa vingi. Wanafunzi wawili waketishwe kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, wafungue rekodi moja, kila mmoja aandike salio lake bila ya kutazamana, kisha wote wafunge na kufungua upya. Waulizwe ni salio la nani lililobaki, na lile jingine limekwenda wapi. Shule isiyo na kompyuta mbili hutumia ubao kuwa kanzidata na karatasi mbili kuwa viwambo: kila mwanafunzi ananakili 200 kutoka ubaoni, anarudi mahali pake, anapiga hesabu yake, kisha anakuja kufuta na kuandika, mmoja baada ya mwingine, darasa zima likihesabu vijiti vilivyomo ndani ya sanduku.